Kocha Anajibu: Mtoto anazungusha gongo kwa mikono tu

SWALI: Shikamoo kocha. Nafundisha besiboli watoto wa miaka 8 mpaka 10, wengi wanapiga kwa mikono tu, kiuno hakiendi, mpira unadondoka hapo hapo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza angalia gongo lenyewe, maana mara nyingi tatizo ni hilo wala sio mtoto. Mwambie alinyooshe pembeni kwa mkono mmoja, kama baada ya sekunde kumi hivi mkono unatetemeka au unashuka basi hilo zito, mpe jepesi.

Halafu ashike kwa vidole, asilibane kwenye kiganja, akibana sana mikono inakakamaa.

Sasa kiuno. Nguvu inatoka chini, uzito ukae mguu wa nyuma, apige hatua fupi mbele, mguu ukishatua ndo kiuno kigeuke na kisigino cha nyuma kinyanyuke, mikono inafuata mwisho kabisa, kama unavyorusha jiwe mbali. Kuelezea kwa mdomo hawatashika aisee! Weka mpira juu ya kistendi, usawa wa mguu wa mbele sio katikati ya mwili, wapige polepole, kichwa kitulie na macho yabaki pale mpira ulipogongwa.

Na tafadhali acha kuwapigia kelele “kiwiko juu!” kila saa, wanakaza mabega bure. Kurekebisha kosa moja kwa siku inatosha. Wakizungusha gongo wengine wakae mbali, helmeti kichwani.