Mtaji wa kuanzia: pesa hii itanigharimu nini?

Shikamoo. Mimi na mwenzangu tunatengeneza programu ya kuwaunganisha wachuuzi wa samaki na hoteli. Mjomba yuko tayari kutupa shilingi milioni 10, ila anataka nusu ya kampuni. Tuchukue? (Mwanza)

Marahaba. Mjomba mheshimuni, lakini nusu msimpe. Hamtatafuta mtaji mara moja tu. Leo mnabaki na asilimia 50. Mwekezaji wa kwanza akichukua 20 ya kampuni nzima, zenu zinashuka hadi 40. Wa pili akichukua 20 nyingine mnabaki na 32, yaani 16 kila mmoja, na bado hamjawatengea wafanyakazi hisa. Mjomba naye, ambaye hajawahi kushika kompyuta yenu, ana 32 peke yake. Mwekezaji makini akiona hesabu hiyo anaaga, maana anajiuliza nani atakesha kazini kwa 16.

Mwombeni awakopeshe, au apewe asilimia 5 hadi 10, na mwandikiane hata kama ni ndugu. Na ninyi wawili je, mna maandishi? Hisa zenu mzipate kidogo kidogo ndani ya miaka 4, na atakayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha aende mikono mitupu. Bora kuyasema haya sasa mkiwa bado mnapendana.

Tumesaini SAFE tatu: dola 50,000 na dola 100,000, zote kwa ukomo wa thamani (thamani ya juu kabisa ya kampuni ya kumhesabia mwekezaji hisa zake) wa milioni 1, kisha 150,000 kwa ukomo wa milioni 1.5. Wakili anasema hatujauza hisa bado. Mbona rafiki yangu ananitisha? (Nairobi)

Wakili yuko sahihi, na rafiki yako pia. SAFE, karatasi waliyoibuni Y Combinator mwaka 2013, si mkopo. Haina riba wala tarehe ya kulipa. Ni ahadi ya hisa, nazo hutolewa mwekezaji mkubwa anapoingia. Kama zenu ni za toleo la 2018, hesabu ni nyepesi, gawanya kila pesa kwa ukomo wake: asilimia 5, na 10, na 10 nyingine. Jumla asilimia 25 imeshaondoka, na yote imetoka kwenu waanzilishi, kwa kuwa kwenye toleo hilo wenye SAFE hawapunguzani wao kwa wao. Mwekezaji mkubwa ajaye atakata chake juu ya hapo. Chukua karatasi leo, andika nani ana nini, kabla hujasaini ya nne.

Benki inataka dhamana, sina. Nichukue kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kwa miezi 2 tu? (Arusha)

Hapana. Hata mkopeshaji mwenye leseni anayeheshimu ukomo wa Benki Kuu wa asilimia 3.5 kwa mwezi anakutoza 42 kwa mwaka. Wa mtaani hajali hata huo. Kama mko kikundi, nendeni halmashauri: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hukopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jiandaeni kusubiri.

Ruzuku ni pesa ya bure, au nakosea? (Mombasa)

Hisa zako haigusi, hilo kweli. M-Pesa yenyewe ilisukumwa mwanzoni na ruzuku ya serikali ya Uingereza, karibu pauni milioni 1, na Vodafone wakaweka zao. Lakini mfadhili ana ajenda yake. Mimi ruzuku moja ilinila miezi 4 ya ripoti na warsha, nikarudi dukani wateja wamehama.

Mwekezaji anatoa dola milioni 1 kwa asilimia 20. Kuna kifungu kwamba kampuni ikiuzwa yeye analipwa kwanza. Ni kawaida? (Dar es Salaam)

Ni kawaida, kikiwa cha mara 1, yaani anachagua kurudishiwa kiasi alichoweka au kuchukua asilimia yake. Tuseme mmeuza kwa milioni 1.5. Kwa hisa zake tu angepata 300,000. Kwa kifungu hicho anachukua milioni 1 yake, ninyi mnagawana 500,000. Mkiuza kwa milioni 10 atachagua asilimia 20 yake, milioni 2, na kifungu hakina kazi.

Soma vizuri ile namba. Ikiandikwa "mara 2", mauzo yale ya milioni 1.5 yanaishia yote mfukoni mwake.