Usizibe tundu kabla hujajua nani yumo darini

SWALI: Kaka Fundi, shikamoo. Huku Marekani baridi imeshaanza, na usiku wa manane kuna anayetembea darini kwetu. Si panya, vishindo ni vizito, kama mtoto aliyevaa viatu. Jirani anasema ni rakuni, yule mnyama wa huku mkubwa kama paka mnene, mwenye mkia wa mistari, na kweli kwenye kona ya upenu ubao umebanduka. Mume wangu kanunua mbao na misumari, Jumamosi mchana anataka kuziba. Roho yangu inasita. – Mama Zuhura

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Mwambie baba Zuhura aweke nyundo chini kwanza. Rakuni hutembea usiku na kulala mchana. Ukiziba mchana, unamfungia ndani. Mimi niliwahi kufanya hivyo, nikalipwa, nikaenda zangu nikijiona bingwa. Kesho yake nikaitwa: mnyama alikuwa amechana ubao wa dari akitafuta njia, na mkono wake mweusi wa vidole vitano unachungulia juu ya kabati la vyombo. Dari nililirekebisha bure.

Chukueni gazeti kuukuu, mlifinyange, mliingize kwenye tundu bila kulikaza. Anayepita atalisukuma. Siku za joto, likikaa usiku mbili tatu, tundu halina mtu. Baridi ndiyo inayodanganya. Rakuni halali majira yote ya baridi, ila ikikaza anaweza kujikunja siku kadhaa asitoke, akila mafuta aliyojiwekea mwilini. Kwa hiyo subirini mpaka zipite siku chache za baridi iliyolegea na gazeti halijaguswa.

Likisukumwa, wekeni taa na redio ya watu wanaozungumza karibu na anapolala. Atakereka, atahamia pengine. Heri yenu ni majira haya. Watoto wao huzaliwa zaidi Aprili na Mei, na mama mwenye vichanga hafukuziki kirahisi, wala haifai kumtenga nao. Sumu msiiguse. Kumtega na kwenda kumtupa mbali, majimbo mengi yanakataza.

Sasa huo ubao. Haukubanduka bure. Pandeni ngazi mtazame mfereji wa mvua: nabashiri umeziba majani, maji yakafurika, mbao ikalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Rakuni alimalizia tu. Zibueni mfereji, ondoeni chote kilichooza, kisha juu ya ubao mpya funikeni wavu mgumu wa chuma usioshika kutu, upite ukingo wa tundu kila upande kama sentimita 10. Bomba la moshi nalo livalishwe kofia ya wavu. Matawi yaliyoinamia paa yakatwe, na chakula cha paka kisilale nje.

Kinyesi kisifagiliwe kikavu! Rakuni wana minyoo ambayo mayai yake, mtu akiyameza, minyoo wachanga wanaoanguliwa humo wanaweza kufika mpaka kwenye ubongo, na watoto ndio walio hatarini zaidi kwa kutia mikono mdomoni. Vaeni glavu na barakoa, mkiloweshe, mkizoe kwenye mfuko na kuufunga. Dawa za kawaida za usafi haziui mayai hayo. Maji yanayochemka huyaua, pale yanapoweza kumwagwa bila kuharibu kitu. Zuhura akae mbali siku hiyo.

Mbao alizonunua baba Zuhura zitafaa. Misumari airudishe, achukue skrubu ndefu na washa pana, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu.