Mtoto yupo ICU: maswali yenu ya mwezi huu

Wazazi wenye watoto wadogo kwenye wodi ya wagonjwa mahututi wametuandikia. Wauguzi na madaktari wa safu hii wanajibu.

Mwanangu wa miezi minane yupo kwenye mashine ya kupumulia, leo siku ya tatu. Monita ikilia tu, roho inanitoka. Halafu analia, machozi yanamtiririka, lakini sauti haitoki. Amepoteza sauti?

Pole sana, mama. Sauti haijapotea. Mpira wa kupumulia unapita katikati ya nyuzi za sauti kuingia kwenye njia ya hewa, na nyuzi hizo zikitenganishwa haziwezi kutoa mlio. Mpira ukitolewa sauti hurudi, ikiwa imekwaruza kwa siku mbili tatu za mwanzo. Lakini uso uliokunjamana na machozi ni kilio kamili, hata kama hakisikiki. Mwite muuguzi. Huenda mtoto ana maumivu, nepi imejaa, au dawa ya usingizi imeanza kupungua nguvu. Asiyemtazama hawezi kumsikia, na wewe ndiye unayemtazama.

Kuhusu monita: moyo wa mtoto wa umri huo hupiga mara 100 hadi 160 kwa dakika, kwa hiyo 140 isikutishe ingawa kwa mtu mzima ingekuwa nyingi. Oksijeni huandikwa kwa asilimia, na kila mtoto ana lengo lake. Wapo wenye kasoro fulani za moyo ambao lengo lao ni 75 hadi 85, wakati mtoto wa kitanda cha pili anatakiwa awe juu ya 92. Muulize daktari lengo la mwanao, uliandike, na uache kulinganisha vitanda.

Kengele nyingi husababishwa na kile kitambuzi chenye taa nyekundu kilichofungwa kwenye kidole cha mguu. Mtoto akitikisa mguu, au mguu ukiwa wa baridi, wimbi kwenye skrini huvurugika na namba hushuka ghafla, huku midomo yake ikiwa na rangi ileile na kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Namba inayoshuka hatua kwa hatua huku wimbi likiwa safi, au midomo inayogeuka rangi, ndiyo ya kumfanya muuguzi akimbie. Usizime kengele mwenyewe, hata ukiwa umeshajua kitufe chake.

Wakati wa kunyonya makohozi, mtoto atakohoa, uso utaiva, na oksijeni itashuka kidogo kisha irudi baada ya dakika moja au mbili. Inatisha kuitazama, lakini mpira ulioziba kwa makohozi ni hatari kubwa kuliko usumbufu huo. Shika mguu wake mpaka wamalize.

Binti yetu ana miaka miwili. Naogopa kumgusa kwa ajili ya mipira yote ile. Je, kuna kitu ninachoweza kumfanyia, au nikae tu?

Kipo, tena kingi. Kwanza vua pete na saa, nawa hadi kwenye viwiko, kisha paka dawa ya mikono na uisugue kwa sekunde 20 mpaka ikauke. Mwite jina kabla ya kumgusa. Usimpapase kwa ncha za vidole, maana mguso mwepesi humshtua mtoto aliyelazwa kwa dawa. Weka kiganja kizima kichwani na kingine kwenye nyayo, utulie hivyo dakika kadhaa. Mara nyingi utaona mapigo ya moyo yakishuka taratibu kwenye monita.

Omba ufundishwe kumsafisha kinywa, kumpaka mafuta midomoni, na kumtunza macho ikiwa hayafungi vizuri kwa sababu ya dawa. Macho yanayobaki nusu wazi hukauka, ndiyo maana hupakwa marhamu.

Na nepi. Wazazi wengi huibadilisha na kuitupa, wakidhani wamemsaidia nesi, kumbe wametupa kipimo cha figo. Nepi iliyolowa hupimwa kwenye mizani, ikatolewa uzito wa nepi kavu, na kila gramu inayobaki huhesabiwa kuwa mililita moja ya mkojo. Mtoto wa kilo 12 anatarajiwa kutoa angalau mililita 12 kwa saa, yaani karibu 50 kwa saa nne. Mkojo ukipungua, huenda damu haifiki vizuri kwenye figo, na daktari hubadilisha mpango mapema. Kwa hiyo badilisha nepi kama umeruhusiwa, ila ikabidhi.

Usichofanya: usimwinue wala kumgeuza kichwa peke yako. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ina urefu wa sentimita chache tu. Kidevu kikiinama kifuani mpira huzama, kichwa kikienda nyuma mpira hupanda, na unaweza kuchomoka. Kumpakata inawezekana hata akiwa kwenye mashine, lakini ni kazi ya wauguzi wawili au zaidi, mmoja akishika mpira wakati wote. Iulizie. Wasipoweza leo, uliza tena kesho.

Nilikuwa nanyonyesha. Tangu mtoto alazwe, maziwa yanakauka.

Hofu na kukosa usingizi huchelewesha maziwa kushuka, lakini kinachoyakausha hasa ni kutokutolewa. Kamua mara 8 kwa saa 24, takribani kila baada ya saa tatu, angalau mara moja usiku, dakika 15 hivi kila upande. Kamua ukiwa karibu na mtoto, au ukiwa na nguo yenye harufu yake. Siku za mwanzo usihesabu mililita. Hesabu mara ulizokamua.

Andika kwenye kila chupa jina la mtoto, tarehe na saa, kisha uulize wodi yao huhifadhi kwa muda gani, kwa sababu kwa mtoto mahututi muda huwa mfupi kuliko nyumbani. Hata akilishwa mililita moja kwa saa kupitia mpira wa puani, kiasi hicho hulinda utumbo wake. Si kidogo hata kidogo.

Ametolewa mpira tukashangilia. Sasa anatetemeka, anatoka jasho, hatutambui, usiku hakuna usingizi. Ubongo umeumia?

Baba, mwambie daktari leo hii amchunguze, kwa sababu maambukizi, maumivu au upungufu wa oksijeni vinaweza kuleta hali hiyo. Yapo pia mambo mawili yanayotokea mara nyingi sana.

La kwanza ni mwili kudai dawa. Mtoto akipewa dawa za maumivu kama mofini na fentanili, au ya usingizi kama midazolamu, kwa siku tano au zaidi, mwili huzizoea. Zikipunguzwa haraka hutetemeka, hutoka jasho, hupiga miayo na chafya, huharisha, hutapika. Huku si kuwa mraibu. Dawa hurudishwa kidogo, kisha hupunguzwa polepole zaidi.

La pili ni kuweweseka. Mtoto hakutazami machoni, anachezea shuka, anageuza usiku kuwa mchana. Kuna kuweweseka kwa kimya pia, ambako analala tu akikodolea dari, na kila mtu anamsifu kwa utulivu. Hapo macho ya mzazi yanazidi kipimo chochote. Sema waziwazi: "Mtoto wangu hayuko hivi." Mchana fungueni mapazia, usiku punguzeni taa na kelele, mleteeni mwanasesere wake, jitambulisheni kila mnapofika. Kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita. Kama alikuwa anatembea na sasa hata kukaa hawezi, misuli imedhoofika, na mazoezi ya viungo yaanze akiwa bado wodini.

Madaktari wakipita raundi wanasema haraka, nabaki na neno moja tu: "hali imetulia".

Neno hilo halina maana ya kupona. Linasema namba hazijabadilika akiwa bado anasaidiwa na mashine na dawa zilezile. Uliza: Tatizo kubwa la leo ni lipi? Msaada upi umepunguzwa tangu jana? Mnasubiri kuona nini? Kitu gani kikitokea mtabadilisha mpango? Andika majibu kwenye daftari moja, mnalopokezana wewe na mwenzako.

Kaka yake ana miaka mitano. Aje kumwona?

Kama wodi inaruhusu na hana mafua wala homa, aje. Watoto wa umri huo huamini kwamba ugonjwa umeletwa na ugomvi wao au wivu, kwa hiyo mwambie kwa maneno machache kwamba si yeye aliyesababisha. Usimwambie kwamba mdogo wake "amelala tu", ataogopa kulala. Mwonyeshe kwanza picha ya kitanda na mipira, umweleze kila mmoja unafanya nini. Awepo mtu mzima wa ziada mlangoni, ili mtoto akitaka kutoka baada ya dakika mbili, atoke na mtu huyo nawe ubaki.