Usimnyooshee mama daftari lake

Mama alianza kuandika mwaka mmoja baada ya mashua ya ndugu yangu kukosa kurudi, wakati wa kusi. Aliandika kwenye daftari la shule, na lilipojaa, nyuma ya risiti za duka. Akanipa nimchapie. Nami kwa ujuaji wangu nikampangia: kuzaliwa, madrasa, bahari, msiba, arobaini.

Alisoma palepale uani, kisha akanirudishia. "Umenifanyia bili ya stima."

Basi ukiwa na mzazi anayeandika habari za mtoto aliyetangulia mbele ya haki, niliyoyafanya mimi usiyafanye.

Asubuhi ya mwisho aliiandika mara nne. Mara ya kwanza kijana kavaa shati la buluu. Ya pili yuko kifua wazi. Ya tatu mama anamfungia mikate ya mofa na kumwombea dua mlangoni. Ya nne mama amelala, hata komeo hakulisikia likifunguliwa. Nilidhani ni usahaulifu wa uzee, nikachagua ile ya mofa kwa kuwa ndiyo nzuri. Kumbe zote nne ndizo habari yenyewe: mtu anarudi mlangoni kila siku kutafuta alipokosea. Ukibakisha moja umemtoa mlangoni, na yeye hajatoka.

Kutoka hapo daftari linaruka hadi arobaini. Katikati, ukurasa mtupu. Nikaujaza: nani walivuka kutoka Faza, nani walisoma hitima, wali ulipikwa sufuria ngapi. Akavipiga mstari vyote. "Siku hizo mimi sikuwapo," akasema, ilhali sote tulimwona amekaa chumbani, wanawake wamemzunguka. Sasa nikikuta nafasi tupu naiacha na upana wake.

Sisi watu wa Lamu, nadhani, tendi zimetulea vibaya kidogo. Tumezoea ubeti uandame ubeti. Lakini hata utendi una kina cha bahari, ile sauti ya mwisho inayorudi kila ubeti. Cha mama kilikuwa maneno mawili ya Kiamu, lahaja yetu, "Ndoo ule," yametupwa popote: chini ya dua, kando ya bei ya samaki. Niliyafuta karibu yote. Nikabakisha mahali patatu, tena nikasahihisha: "Njoo ule."

Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Mimi sikumwita hivyo. Ukimwita hivyo hatajua ni mimi."