Wanafunzi hawaji kwenye programu: nibadili nadharia?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni afisa mpya katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi, chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Niliandaa programu ya mwaka wa kwanza kwa kufuata nadharia ya Tinto, mtafiti wa Marekani wa sababu za wanafunzi kuacha chuo: vilabu na midahalo kila Jumatano saa 11 jioni, wanafunzi wajione wenyeji wa chuo wasije wakaacha masomo. Kati ya 600 wanakuja kama 40, wengi wao wa hosteli. Mkuu wangu anasema nitafute nadharia nyingine na tulete mhamasishaji. Nifuate ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kila muhula napokea swali hili, na kila mara mtu anauliza "ipi" kabla ya kuuliza "kwa wanafunzi gani".

Vincent Tinto alipoandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi huacha chuo asiposhikamana na masomo na watu wa hapo, aliazima hoja kwa Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, na picha aliyokuwa nayo zaidi ni ya kijana wa Marekani anayehama kwao kwenda kuishi chuoni. Wako amepanga chumba Mbagala au Gongo la Mboto. Saa 11 jioni yuko kituoni, begi amelikumbatia kifuani, anagombania daladala. Mdahalo wako mzuri, lakini hauwezi kumrudisha nyumbani. Mwaka 1985 watafiti Bean na Metzner waliandika juu ya wanafunzi wa namna hii, wasiolala chuoni, wakaonyesha kuwa mambo ya nje ya geti, yaani fedha, saa za kazi na majukumu ya familia, yana uzito kwao kuliko urafiki wa chuoni. Ungeanzia hapo, ungeweka vikundi vya kujisomea saa 7 mchana, na ungejua bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, limechelewa kwa nani.

Linalonikera hasa ni hili: programu inaamuliwa kwanza, nadharia inatafutwa baadaye. Ukumbi umeshalipiwa, soda zimeshaagizwa, ndipo napigiwa simu: "Daktari, nipe nadharia ya kuweka kwenye utangulizi." Hiyo haina kazi yoyote. Nadharia inakusaidia pale tu inapokulazimisha kusema mapema unategemea kuona nini, kwa nani, lini, ili usipokiona ukubali kwamba umekosea. Hata hao 40 wakifaulu wote, usishangilie haraka. Alexander Astin, mtafiti wa elimu ya juu wa Marekani, alisisitiza tuangalie mwanafunzi aliingia na nini kabla ya kukisifu chuo kwa anachotoka nacho. Walinganishe na wenzao wenye matokeo kama yao ya kidato cha sita, wanaolala hosteli zilezile, ambao hawakuja.

Na huyo mhamasishaji, usimlete. Chuo kimoja nilichofanya kazi kilimlipa mmoja kwa saa mbili. Watu walisimama, wakapiga makofi, fomu za tathmini zikajaa "nzuri sana". Ripoti ikasema wanafunzi wamejengewa uwezo. Ushahidi wake ulikuwa karatasi ya mahudhurio. Matokeo ya muhula yalipotoka, hakuna aliyeyafungua kulinganisha. Baya zaidi, kuna binti alikuwa halali usingizi wiki nzima, hali chakula, anafikiria kufa, akaambiwa mbele ya ukumbi kwamba maisha ni kujikaza. Alihitaji mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, na siku hiyohiyo. Wauzaji wa semina hizi wanazunguka vyuoni na mada moja kwa wote, mwaka wa kwanza na wa tatu, udaktari na ualimu, na ofisi zetu zinawapenda kwa sababu wanatoa picha nzuri za ripoti. Mwombe mmoja wao akuonyeshe chuo ambako idadi ya wanaodisko, yaani wanaofukuzwa masomo kwa kufeli, ilipungua baada ya yeye kuondoka.

Wiki hii chukua orodha ya waliopata sapu, yaani waliofeli wakatakiwa kurudia mtihani, chagua 20 bila kupendelea, wapigie mmoja mmoja. Uliza wanalala wapi, wanafika saa ngapi, na mara ya mwisho walikosa kipindi kwa nini. Kisha niandikie, tuipange upya hiyo Jumatano.