Bwana Shamba Anajibu: Harufu za Kuwafukuza Kulungu Kwenye Miche ya Miti

Zimetufikia barua tatu kutoka kwa wasomaji wetu waishio Marekani, na zote zinamlalamikia mnyama mmoja: kulungu wa mkia mweupe, ambaye huingia bustanini usiku na kula mimea michanga. Tumezijibu pamoja, ya kwanza kwa kirefu, kwa kuwa mengi yaliyomo katika jibu lake yanawahusu pia walioandika zile nyingine.

Swali: Bwana Shamba, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi nje kidogo ya Dayton, Ohio. Majira ya machipuko yaliyopita tulipanda miche ya mitufaa na mipeasi nyuma ya nyumba. Kufikia Julai machipukizi yote yalikuwa yameliwa, na mwezi wa Oktoba mche mmoja ulichunwa gome upande mmoja. Jirani alitushauri tutundike vipande vya sabuni. Vikasaidia kwa muda, kisha kulungu wakarudi. Madukani zipo dawa zenye harufu kali, lakini bei yake si ndogo. Je, harufu hizi zinafanya kazi kweli, au tutapoteza fedha zetu? — Msomaji, Dayton

Jibu: Dada, pole sana kwa hasara hiyo. Fedha zenu hazitapotea iwapo mtachagua harufu inayofaa, mkaipulizia juu ya mche wenyewe badala ya kuitundika kando, na mkaanza mapema, kabla kulungu hawajazoea kula hapo. Yasipozingatiwa hayo, hata dawa ya bei kubwa kuliko zote haitafaa kitu.

Kabla ya kununua chochote, inama uitazame vizuri ncha ya tawi lililoliwa. Kulungu hana meno ya mbele katika utaya wa juu. Hulibana tawi kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha hulivuta mpaka likatike, ndiyo maana ncha hubaki imechanika, nyuzi zake zikining'inia. Sungura ana meno makali juu na chini, naye hukata kijiti kwa mshazari, safi kama aliyetumia kisu, tena karibu na ardhi. Mkiona ncha zilizochanika kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, basi mwizi wenu ni kulungu, ambaye anaweza kufikia majani yaliyo hadi mita 1.8 hivi kutoka ardhini. Ama lile gome lililochunwa mwezi wa Oktoba, hilo ni jambo jingine: ni dume aliyekuwa akisugua pembe zake kwenye shina jembamba msimu wa kupandana ulipokaribia. Huyo hakuja kula, na harufu ya dawa humzuia kwa shida sana. Nitalirudia suala lake baadaye.

Msidhani mmechagua kiwanja kibaya. Uwindaji na ukataji wa misitu viliwamaliza kulungu katika jimbo la Ohio hata ikafika mwaka 1904 hawakuonekana tena. Leo wapo katika kaunti zote 88 za jimbo hilo. Viunga vya miji vinawafaa kuliko msitu mnene, kwa sababu humo wanapata kichaka cha kujificha mchana na bustani iliyotiwa mbolea ya kula usiku. Kulungu mzima hula kilo 2 hadi 3 za majani na vijiti kwa siku, na chipukizi la mtufaa mchanga ni katika vyakula anavyovipenda mno.

Sasa tuje kwenye harufu yenyewe. Kulungu ni mnyama wa kuwindwa, na pua yake ndiyo inayomlinda. Protini ya wanyama inapooza, au inaposagwa tumboni mwa mnyama mla nyama, hutoa harufu yenye salfa, na kulungu akiikuta harufu hiyo juu ya majani huichukulia kuwa dalili ya hatari. Mwaka 2001 watafiti Dale Nolte na Kimberly Wagner walichapisha matokeo ya majaribio yaliyolinganisha dawa 20 za kuwafukuza kulungu, kwa kutumia miche ya mierezi. Zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa zile zinazotoa harufu ya salfa, kama vile zilizotengenezwa kwa mayai yaliyovunda, na zile zilizopakwa kwenye mmea zilizishinda zilizowekwa kandokando. Dawa zinazotegemea uchungu pekee hazikufua dafu, na jambo hilo halishangazi, kwa kuwa mnyama anayeishi kwa kula majani na magome ya porini ameshazoea uchungu. Kwa hiyo mnapokuwa dukani, geuzeni chupa msome viambato: mkiona mayai yaliyovunda au damu kavu, mko njiani, mkiona vitu vichungu tu, rudisheni chupa rafuni.

Wasiotaka kununua wanaweza kujitengenezea. Huduma ya ugani ya Colorado State University kwa miaka mingi imependekeza mchanganyiko wa mayai asilimia 20 na maji asilimia 80, yaani kipimo kimoja cha mayai yaliyopigwa kwa vipimo vinne vya maji. Mayai yanapovunjwa bakulini, ondoeni ule uzi mweupe mzito ulioshikamana na kiini, kwani ndio unaoziba tundu la bomba. Kisha yapigeni mpaka yalainike kabisa, yachujeni kwa kitambaa chepesi, ndipo muongeze maji na kupulizia. Siku ya kwanza mtaisikia harufu yake, lakini mchanganyiko ukishakauka pua ya mwanadamu haiisikii tena, ilhali ya kulungu bado inaipata. Mayai hushika kwenye jani na hayaoshwi upesi na mvua, ila baada ya siku 30 hivi lazima mrudie.

Hiyo siku 30 nayo ichukuliwe kwa tahadhari. Mwezi wa Mei mtufaa huota majani mapya kila wiki, na kila jani lililofunguka baada ya kupulizia halina kinga yoyote; kulungu atalichuma hilo na kuyaacha yaliyopakwa chini yake. Katika majira ya machipuko, basi, pulizieni mara matumba yanapoanza kufunguka, na mrudie mara kwa mara kadiri chipukizi linavyorefuka, hata kama tarehe ya chupa haijafika. Majani yakishapukutika, mti haukui, na dawa moja iliyopuliziwa siku kavu isiyo na baridi ya kugandisha inaweza kudumu kwa muda mrefu zaidi. Mpulizie mpaka mita 1.8, na kwenye maeneo ya theluji nyingi mwongeze kimo cha theluji juu yake, maana kulungu husimama juu ya theluji iliyoshikana na kufikia matawi ambayo mwezi wa Septemba alikuwa hayafikii.

Sabuni ya jirani yenu si upuuzi. Sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe ina harufu ambayo kulungu hawaipendi, na ilijaribiwa katika mashamba ya matunda ya Marekani ikaonekana kuwa na manufaa. Tatizo ni umbali: kinga yake haivuki mita moja hivi kutoka kipande kilipo. Mche mdogo unaweza kulindwa na kipande kimoja, lakini ukishatanua matawi, ncha zake hutoka nje ya duara hilo na huliwa. Iacheni sabuni ndani ya karatasi yake, mtoboe na kupitisha kamba, nayo itadumu zaidi kwenye mvua. Epukeni zile za mafuta ya nazi, kwa sababu hizo huweza kuwavutia panya wa shambani badala ya kumfukuza yeyote.

Hata hivyo niseme wazi kwamba harufu ni kinga ya kulungu asiye na njaa kali. Mwishoni mwa Februari, porini pamebaki vijiti vikavu na mnyama amekonda, woga wake wa harufu hupungua na atakula alichokipita mwezi wa Novemba bila kukigusa. Pia huzoea. Kwa hiyo badilisheni dawa: mkitumia ya mayai majira haya, majira yajayo tumieni ya damu kavu au yenye pilipili. Dawa ya pilipili hufanya kazi kwa njia nyingine, kwani huwasha mdomo wa mnyama anapouma, na maana yake ni kwamba lazima aonje kwanza. Kwa mche wenye chipukizi moja tu la kuongoza, kuonja huko ni hasara tosha.

Ndiyo maana kwa miche michache kama yenu mimi ningeunganisha mawili. Kila mche uzungushieni wavu wa waya wenye kimo cha mita 1.5 hivi, uliofungwa kwenye nguzo na kuwekwa mbali kidogo na matawi, ili dume asifikie shina kwa pembe zake wakati wa kupandana, kuanzia Septemba hadi Desemba. Kisha matawi yanayochomoza nje ya wavu ndiyo myapulizie dawa. Kazi hiyo itawachukua miaka kadhaa, mpaka matawi makuu yavuke kimo cha mdomo wa kulungu. Mkiwa na swali la hapo mlipo, kila kaunti ya Ohio inahudumiwa na ofisi ya ugani ya Ohio State University.

Swali: Shikamoo Bwana Shamba. Sisi ni kina mama kadhaa tunaolima bustani ya pamoja karibu na Lewiston, Maine. Tunapanda matembele, maharage na maboga. Kulungu wanaanza na matembele. Tukipulizia hayo mayai, mboga bado zitalika? — Msomaji, Maine

Jibu: Marahaba, Mama. Jibu ni hapana: msipulizie mayai mabichi kwenye jani mtakalolichuma na kulipika, kwa sababu ya vijidudu vya salmonela na kwa sababu ya ladha. Hata dawa za dukani nyingi zimeandikwa kwamba zisipuliziwe kwenye sehemu ya mmea inayoliwa, au zisitumike matunda yakishatunga. Masharti hayo ya kwenye chupa ni sheria, si ushauri. Na matembele yote ni jani la kuliwa, kwa hiyo dawa ya kupaka haina nafasi pale.

Kwa mboga, uzio ndio jawabu. Kulungu huruka juu sana, na uzio wa kumzuia kabisa hufikia mita 2.4, lakini hapendi kurukia mahali padogo asipoona pa kutulia miguu na pa kutokea. Tuta moja jembamba la matembele linaweza kulindwa na wavu wa mita 1.2 tu, mradi liwe dogo na lenye vitu ndani. Wakati miche ingali michanga, kitambaa chepesi cha kufunikia matuta, kinachopitisha mwanga na maji, husaidia pia.

Iwapo wenye shamba wataruhusu uzio wa umeme, iko njia inayotumiwa huko Minnesota inayoigeuza harufu kuwa chambo. Waya mmoja wa umeme hufungwa kwenye kimo cha sentimita 75 hivi, ukapakwa siagi ya karanga; kulungu hufuata harufu, hugusa kwa pua yenye unyevu, hupigwa na umeme usiomdhuru, na baada ya hapo hukaa mbali na mahali hapo. Mahali wanapocheza watoto nisingeuweka bila alama kubwa na bila idhini ya wote wanaolima hapo.

Swali: Bwana Shamba, nina saluni ya kunyoa huko Louisville, Kentucky, na kila jioni natupa mfuko wa nywele. Nimesikia zikitundikwa mitini kulungu hukimbia. Wengine wanasema naftalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo wa nguo, ni bora zaidi, wengine mkojo wa koyoti, yule mbwa mwitu wa Marekani. Nina miti michanga ya mapambo uani. Nichague ipi? — Msomaji, Louisville

Jibu: Ndugu, nywele ni za bure na hazina madhara, lakini matokeo yake yamekuwa ya kubahatisha, na hasa mjini, ambako kulungu hulala hatua chache kutoka madirishani na harufu ya binadamu ameizoea tangu alipozaliwa. Mkojo wa koyoti una ushahidi zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba mkojo wa koyoti na wa bobcat, yule paka mwitu wa Marekani, ulipunguza kuliwa kwa miti ya mapambo. Dosari yake ni kwamba mvua huuosha upesi, na kwamba hukingwa kutoka kwa wanyama waliofungiwa vizimbani, jambo ambalo mimi silipendi wakati mayai yapo.

Naftalini iache kabisa. Sheria ya Marekani inakataza kuitumia nje kwa namna isiyoandikwa kwenye pakiti yake, na ina sababu nzuri. Vidonge vile vyeupe vikidondoka chini ya mti huonekana na mtoto kuwa peremende. Akivimeza, naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, hali ya kurithi iliyoenea sana miongoni mwa watu ambao asili yao ni maeneo ya malaria, yakiwemo ya kwetu Afrika. Kama tayari umeviweka, viokote leo, uvitie kwenye chombo kinachofungwa, na uvipeleke panapopokelewa taka za sumu za nyumbani.

Kwa miti yako ya mapambo, ambayo hakuna atakayekula matunda yake, dawa ya mayai au ya damu kavu ya kupulizia inatosha. Usiichanganye hiyo na unga wa damu unaouzwa kama mbolea. Unga huo pia hufukuza kidogo, lakini una naitrojeni takribani asilimia 12. Ukirundikwa kwenye shina la mche mchanga huunguza mizizi, na mbwa wa mtaa mzima watakuja kuufukua.

— Bwana Shamba