Jibu: Mhasibu mmoja shule nzima, tunagawaje majukumu?

Umeuliza kama majukumu yanagawanyika shule ikiwa na mhasibu mmoja tu. Kikamilifu, hapana. Ila kupokea pesa, kuandika daftari la fedha na kufanya usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari hilo na taarifa ya benki) visikutane kwa mtu mmoja.

Ada zilipwe benki moja kwa moja. Taslimu ndogondogo (fomu, sare) azipokee karani kwa risiti zenye namba mfululizo, na vitabu vya risiti ambavyo havijaanza kutumika vikae kwa mkuu wa shule. Zipelekwe benki zote kama zilivyo. Mkinunulia mkaa kwanza, hakuna atakayeweza kuzifuatilia.

Uzito uko kwenye usuluhisho. Kila mwezi taarifa ya benki imfikie mkuu au mjumbe wa bodi kabla mhasibu hajaigusa. Mkuu au mjumbe huyo asisaini tu: alinganishe tarehe za risiti na tarehe za kuweka pesa benki. Zikipishana siku nne au tano kila mara, huenda makusanyo ya leo yanaziba pengo la pesa zilizochukuliwa jana.

Na hundi tupu zisisainiwe mapema eti mkuu anasafiri. Hapo sahihi ya pili, ya kumdhibiti anayeandika hundi, haina kazi tena. Mhasibu naye aende likizo, mwingine akalie kiti chake walau wiki mbili, ili kilichofichwa kionekane.